Maneno Niliyoyafuta Ukutani

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota ndoo mbili za maji, nikapanga vikombe na kufagia mbele ya mgahawa wa mama pale Kibirizi, zinapofikia boti za Kagunga. Mama yangu Mwasiti alikuwa ameshawasha jiko tangu alfajiri, anakaanga vitumbua. Asili yetu ni Ujiji, ila nyuma ya mgahawa kulikuwa na vyumba viwili, na humo tuliishi watatu: mama, kaka yangu Gharib aliyekuwa sekondari, na mimi, Zuleha, darasa la sita.

Vikombe nilivipanga haraka haraka ili nipate nafasi ya kusikiliza habari. Abiria hajatia mguu mchangani, mimi nimeshamwuliza ametoka wapi na huko kuna nini. Nikifika shuleni namwaga yote. Wenzangu waliniita Redio, na wala sikukasirika. Niliona ni sifa.

Mwaka ule wa 2015, mwezi wa tano, habari zilikuwa nyingi kuliko masikio. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kwa maelfu. Wengi walifikia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kutoka pale meli kubwa iliwaleta bandarini Kigoma, wakapumzishwa kwenye uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini Nyarugusu. Wengine walikuja kwa boti za watu binafsi, na hao walishukia kwetu Kibirizi. Wakishuka, kabla hata ya kuomba maji, waliulizia ndugu zao.

Siku moja baba mmoja aliokota kipande cha mkaa kando ya jiko letu, akaandika jina la mkewe kwenye ukuta wa mgahawa. Ukuta wenyewe ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa. Nikasema leo kutawaka moto hapa! Wapi! Mama alimwongezea mkaa. Kesho yake mtu mwingine akamjibu chini yake kwamba mkewe ameonekana bandarini. Basi, tangu hapo kila aliyeshuka aliandika, na kila aliyejua kitu alijibu. Nahodha Khamisi, mwenye boti ya Kagunga, alianza kuwaambia abiria wake huko huko, "Mkifika Kibirizi, someni ukuta wa Mama Zuleha."

Jumatatu moja Mwalimu Telesphory alitufundisha somo la historia, akauliza, "Nani anajua mitandao ya kijamii ilianza lini?"

Tukapiga kelele, huyu anataja simu, yule anataja kompyuta. Mwalimu akacheka.

"Simu ni mtoto wa juzi," akasema. "Kuna mji huko Italia uliofunikwa na majivu ya volkano karibu miaka elfu mbili iliyopita. Walipoufukua walikuta kuta zake zimejaa maandishi. Huyu anamsalimia rafiki, mwingine anamjibu, wa tatu anawatania. Zama hizo hizo watu wa Roma walikuwa wananakili barua za rafiki zao na kuzipeleka kwa wengine. Na hapa kwetu Ujiji, misafara ilipofika kutoka pwani, watu walikusanyika kusikia habari, na mwenye safari akaenda nazo mbele. Simu imeongeza mbio tu."

Mimi nilikuwa nimeshavimba kichwa. Kumbe sisi tuna mtandao nyumbani! Mama ana mtandao, na Zuleha ndiye mkuu wa mtandao!

Kesho yake, Jumanne jioni, boti ya Nahodha Khamisi ilimshusha msichana mmoja aliyekuwa peke yake. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, wa pili mtupu, na mwili ulikuwa unamchemka kwa homa. Jina lake Arakaza, miaka kumi na mmoja. Alikuwa amepoteana na mama yake mpakani, watu walipokuwa wakikimbia milimani. Majirani walimfikisha Kagunga, wakamwingiza kwenye boti. Mama alimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, jina lake likaandikwa, ikakubaliwa alale kwetu mpaka apone. Zahanati walimkuta na malaria, wakampa dawa.

"Nikuandikie ukutani?" nikamwuliza.

"Ego, dada," akasema, yaani ndiyo. "Lakini andika yote. Kwetu akina Arakaza ni wengi."

Nikaandika: "Arakaza, binti wa Ndayikunda muuza vitenge wa soko la Nyanza-Lac. Ameshuka Jumanne kwa boti ya Khamisi. Yupo humu ndani kwa Mama Zuleha. Gonga mlango." Maneno yalikuwa mengi mpaka mkono ukaniuma.

Alhamisi nilitoka shule nikautazama ule ukuta, nikaona aibu. Maandishi yalikuwa yamepandana, mengine yamekwenda upande, mengine yamepakazwa na mabega ya watu. Gharib akanitania, "Mtandao wenu huo umechakurwa na kuku!" Ikaniuma kweli. Nikaenda kwa mama.

"Mama, naomba niusafishe ukuta niandike upya, upendeze."

"Safisha," akasema, macho yapo kwenye kikaango. "Ila maneno ya watu yasipotee."

"Hayapotei, mama!"

Nikachukua daftari, nikanakili. Lo! Watu wale waliandika mno! Fulani wa kijiji fulani, nimemwona siku fulani, nimeambiwa na shemeji yake, aliyekuja kwa boti fulani. Nikajiuliza, yote haya ya nini? Anayetafuta mtu anataka jina na mahali, basi. Nikachukua majina na mahali, mengine nikayaacha. Habari moja ya mistari mitatu nikaikata ikawa maneno matatu. Hata lile tangazo la Arakaza nililoliandika mimi mwenyewe nililipunguza: "Arakaza anamtafuta mama."

Kwenye pembe ya chini nikaona jina lililonishtua: Ndayikunda! Mtu alikuwa ameandika maneno mengi, nusu yamepakazwa. Nikaona "Ndayikunda", nikaona "Kagunga", sikungoja zaidi. Nikakimbia chumbani.

"Arakaza! Mama yako amepatikana! Yuko Kagunga!"

Arakaza aliinuka kwenye mkeka, akanikumbatia kwa mikono yenye moto wa homa, analia na kucheka. Mimi nikajiona mtu mkubwa. Nikarudi nje, nikapaka chokaa juu ya kila kitu, na ilipokauka nikaandika upya kwa mkaa niliouchonga vizuri. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya daftari: "Ndayikunda yuko Kagunga." Gharib mwenyewe alikubali, akaupiga picha kwa simu yake, akairusha kwenye makundi yote aliyomo.

Mama aliposikia akauliza, "Nani kasema yuko Kagunga?"

"Ukutani, mama."

"Ukuta hauna mdomo. Nani kaandika?"

"Mtu tu," nikasema. Wateja wakaita chai, mama akaenda, akasema tutamwuliza mwenyekiti. Ijumaa mwenyekiti alikuwa safarini.

Ijumaa jioni Arakaza alikuwa amepata nguvu. Akaniambia hawezi kungoja tena, anataka kurudi Kagunga kwa mama yake. Nikaenda kwa Nahodha Khamisi bila kumwambia mama, nikambembeleza ampe nafasi ya bure.

"Mama yako anajua?" akauliza.

"Anajua," nikasema. Hapo nilidanganya, nakiri.

Jumamosi saa nne asubuhi mama alikuwa jikoni. Nilimsindikiza Arakaza mpaka kwenye boti, nikampa ndala zangu. Kisha nikarudi mbele ya mgahawa kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Nikamkuta mzee mmoja mwembamba, begani ana mfuko wa vifaa vya kushonea viatu, anaukodolea macho ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Nyabenda, fundi viatu. Jumatano niliandika hapa mbio mbio, hata ya wengine sikuyasoma, ndugu yangu akanichukua kwenda kwake Mwandiga. Nani amefuta maneno yangu?"

"Labda mvua, mzee."

"Mvua!" Mzee Nyabenda akanitazama, akautazama mwandiko wangu uliopangika. "Mvua ya Kigoma imesoma mpaka darasa la ngapi?"

Watu waliokuwa wanakunywa chai wakacheka. Mimi sikucheka, maana mzee aliendelea, "Mimi sikuandika kwamba Ndayikunda yuko Kagunga. Niliandika kwamba nilimwona Kagunga siku ya Jumatatu, amesimama kwenye foleni ya meli, karibu apande. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niandike, ili mtoto wake akipita asome. Leo Jumamosi! Mama huyo amekwisha kuvuka siku nyingi."

Nikageuka kuangalia majini. Boti ya Khamisi ilikuwa imeshasukumwa, injini inanguruma, imegeuza pua kuelekea kaskazini. Arakaza alikuwa amekaa katikati ya mizigo, amempa mama yake mgongo bila kujua. Kule anakokwenda kulikuwa na maelfu ya watu wanaolala nje, na maradhi ya kuhara yameingia. Angefika na mwili wake ule dhaifu, amtafute mtu ambaye hayupo. Nani angemrudisha?

Ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, wazo hilo lilipita kichwani. Kisha nikatupa ufagio, nikakimbia mchangani nikipiga kelele.

"Mjomba Khamisi! Rudi! Nimekosea! Nimesema uongo! Mama yake hayuko Kagunga!"

Injini ilimeza sauti yangu. Nikaingia majini na nguo zangu, maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, nikavua kitambaa cha kichwa nikakipunga. Pwani nzima ilikuwa inanitazama. Mabaharia wakadakia, wakapiga miluzi na kupunga mikono pamoja nami, mpaka mtu wa nyuma kwenye boti akaona. Boti ikapunguza mwendo, ikageuka.

"We mtoto!" Khamisi alifoka alipokaribia. "Jana umenibembeleza nimchukue, leo unanibembeleza nimrudishe! Kwani hii boti yangu ni bembea?"

Mama alikuwa ameshafika, mikono imejaa unga. Nikamweleza yote pale pale mbele ya watu: kwamba mimi ndiye niliyekata maneno, kwamba mvua haihusiki, na kwamba nilimwambia Khamisi mama anajua. Mama hakunipiga. Alivuta pumzi, akamshika Arakaza mkono. Msichana wa watu hakujua aamini lipi.

"Kulia tutalia baadaye," mama akasema. "Mzee Nyabenda, waliokuja na meli wako wapi?"

"Uwanjani, mama. Na leo mabasi yanaondoka."

Mama aliwaachia majirani jiko, sote wanne tukaingia kwenye bajaji. Njiani Arakaza alinishika mkono, nami niliona haya hata kuuacha ushikwe.

Uwanjani mabasi mawili yalikuwa yanapakia. Karani alikuwa amekaa kwenye meza na orodha yake, mama akamwamkia, akamweleza.

"Ndayikunda?" karani akasema. "Hapa nina akina Ndayikunda watatu. Wa wapi? Anafanya kazi gani?"

Nilitazama chini. Kama tungekuwa na maneno ya ukuta wangu tu, tungeishia hapo.

"Wa Nyanza-Lac," akasema Mzee Nyabenda. "Muuza vitenge. Alikuwa Kagunga Jumatatu."

Karani akapitisha kidole kwenye orodha. "Basi la pili."

Kabla hatujalifikia, mwanamke mmoja aliyekuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya basi aligeuka. Akaangusha kifurushi chake. "Mwana wanje!" akapiga ukelele, mwanangu, na Arakaza akaniponyoka mkono. Walikumbatiana wakaanguka chini kwenye vumbi, wala hawakujali. Mama yangu alilia kwa sauti. Mzee Nyabenda alivua kofia akajifuta uso nayo. Mimi nililia kwa furaha, na kwa hofu pia, maana nilijua bado zamu yangu.

Walipotulia, karani akaruhusu jina la Arakaza liongezwe kwenye orodha, tukakaa kivulini mwa basi kungoja. Ndayikunda akamtazama binti yake muda mrefu.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Kibirizi, kwa mama huyu. Kwenye mgahawa wenye ukuta."

Ndayikunda akashtuka. "Mgahawa wenye ukuta mweupe? Mbona jana saa sita nilikuwa hapo? Niliomba ruhusa, nikaenda kwa miguu. Niliukuta mlango umefungwa."

"Nilikwenda zahanati kufuata dawa yake," mama akasema polepole. "Yeye alikuwa amelala ndani."

"Niliona jina," Ndayikunda akasema. "Arakaza anamtafuta mama. Hapa uwanjani pekee nimekutana na akina Arakaza wanne, wote si wangu. Hakuna siku, hakuna kijiji, hakuna jina langu. Na Ndayikunda aliyeandikwa pale yuko Kagunga, nami niko hapa, basi si mimi. Nikasema huyu ni wa mwenzangu. Nikaliwekea mkono jina la mwanangu pale ukutani, nikamwombea huyo mtoto, nikaondoka."

Kumbe Arakaza alikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo, hata hatua tatu hazifiki.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika yote Jumanne. Alhamisi nikayafuta ili ukuta upendeze. Nisamehe, mama."

Ndayikunda alinitazama. Mama yangu ndiye aliyenijibu.

"Zuleha, ukuta wetu si wa kwanza duniani, na simu ya Gharib haitakuwa ya mwisho. Watu wamepelekeana habari tangu zamani. Marehemu babu yako alisoma kwa masheikh wa Ujiji. Akitaka kunisimulia jambo alianza na majina: nimelisikia kwa fulani, naye alilisikia kwa fulani, mwaka fulani. Nami nikiwa mdogo nilichoka, nikamwambia, baba, ruka hayo tufike kwenye habari. Akaniambia wanachuoni wamefanya hivyo zaidi ya miaka elfu moja, kwa sababu habari isiyojulikana imetoka kwa nani na lini, mtu hawezi kuipima. Wewe uliona ule ni uchafu ukaufuta. Kumbe ndio uliokuwa unamwonyesha mtu njia. Ukipokea habari, uliza imetoka kwa nani na lini. Ukiipeleka mbele, ipeleke nzima. Na ukikosea, sema upesi kama ulivyosema leo asubuhi, hata kama pwani nzima inakutazama. Hilo umelifanya, na nimeliona."

Kisha akampigia Gharib simu, akamwambia kila kundi alilotuma ile picha alitumie sahihisho sasa hivi, na aseme wazi kwamba kosa limetoka nyumbani kwetu. Gharib alianza kubisha, mama akakata simu.

Basi lilipowasha injini, Ndayikunda alisimama, kisha akanigeukia.

"Bado baba yake Arakaza," akasema. "Tangu Nyanza-Lac hatujamwona. Akivuka, huenda akashukia kwenu. Utaniandikia?"

"Mimi?" Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe. Nani mwingine ataliogopa kosa hili kama wewe?"

Mama akanipa kalamu. Nikaomba karatasi kwa karani, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza kuuliza: jina lake kamili, kazi yake, saa ya kuondoka, basi la ngapi. Niliandika bila haraka. Nilipomaliza nikasimama nikamsomea.

"Kwa Calixte, mvuvi wa Nyanza-Lac. Mkeo Ndayikunda, muuza vitenge, na binti yenu Arakaza wako pamoja, wazima. Wameondoka Kigoma leo Jumamosi saa nane mchana kwa basi la pili, kwenda kambi ya Nyarugusu. Maneno haya ameyasema Ndayikunda kwa mdomo wake mwenyewe, uwanjani. Nimeyaandika mimi, Zuleha binti Mwasiti wa Kibirizi, mbele ya Mzee Nyabenda fundi viatu."

Ndayikunda alikuwa amefumba macho anasikiliza. Akaniambia nirudie. Nikarudia neno kwa neno, dereva anapiga honi. Ndipo akafumbua macho, akamshika Arakaza bega.

"Sasa," akasema, "huyo ni mimi."